Betri Zilizokwenda Matangani

Betri mbili za boti ya Stambuli zilikuwa na makao yao maalumu ukumbini, juu ya ubao chini ya dirisha, na mkewe, Shekha, alizifunika kitambaa cha kufuma kama watu wanavyofunika redio. Kila boti iliporudi, mwanawe Swafwan alizibeba moja moja kutoka ufukweni, jasho likimtoka mpaka kwenye nyusi, akaziunga na waya wa sola iliyokuwa paani. Amri ya Stambuli juu ya betri hizo ilikuwa fupi. Zisiguswe, zisiazimwe, zisitoke humu ndani ila kwenda baharini.

"Hata mimi hukunilinda hivyo nilipokuwa mwari," Shekha alimwambia siku moja.

"Wewe huzami," Stambuli akamjibu, wala hakucheka.

Alikuwa na haki ya kutocheka. Boti yenyewe ilikuwa ya faiba, ya zamani, na nyuma karibu na mashine ilikuwa na ufa uliokwisha zibwa mara nyingi na kila mara ukafunguka. Maji yaliingia polepole, na pampu ndogo ikayatoa tangu wanaondoka Mambrui mpaka wanarudi. Pampu hiyo ilikula betri. Taa za kuitia dagaa nazo zilikula betri. Hapo awali Stambuli alikuwa akitumia betri za gari, kwa kuwa ni rahisi, na kila mara zikamfia baada ya muda mfupi. Gitau, muuza betri wa Malindi, ndiye aliyemweleza kwamba betri ya gari ni ya kusukuma mashine mara moja ikapumzika. Ukiinyonya usiku kucha, unaiua. Anayefanya kazi kama yake anataka betri ya sola, ile nzito inayovumilia kunyonywa na kujazwa, kunyonywa na kujazwa. Stambuli akanunua mbili, akazipenda kupita kiasi.

Basi Stambuli na Swafwan walikuwa Kilifi, wameipeleka mashine ya boti kwa fundi, pale mume wa Bi. Mahira alipofariki ghafla, nyumba ya pili kutoka kwao. Transfoma ya mtaa ilikuwa imeungua na mtaa mzima ulikuwa gizani. Watu walijaa uani mwa Bi. Mahira hawaonani nyuso. Waliokuwa na mikeka walileta mikeka, waliokuwa na masufuria walileta masufuria. Shekha alisimama mlangoni kwake akaangalia nyuma, akaviona vitu viwili vile chini ya kitambaa chake cha kufuma, vimejaa umeme, vimekaa bure. Ni mwanamke gani wa Mambrui angefunga mlango wake hapo? Aliwaita vijana wakazibeba.

Zikawasha taa siku zote tatu za matanga. Zikawasha na kipaza sauti cha hitima, na friji ndogo ya kuwekea nyama, na simu za wageni waliotoka Mombasa.

Zilirudi juu ya mkokoteni, zimefutwa vumbi, zinang'aa. Aliyezileta ni Sahla, binti mkubwa wa marehemu, mwalimu wa chekechea, macho yake bado yamevimba kwa kilio.

"Mama anakushukuru sana, khalati," alisema. "Angekuja mwenyewe lakini ndiyo yuko edani, hatoki. Tumefungua vile vifuniko vya juu tukaona maji yamepungua. Mama akasema, vitu vya watu havirudi vitupu. Nimezijaza zote mbili kwa mkono wangu, mpaka juu kabisa."

Hiyo ndiyo desturi ya watu hawa. Sahani iliyokuja na sambusa hurudi na mahamri, bakuli lililokuja na kachumbari hurudi japo na ndimu tatu, na anayerudisha chombo kitupu hujiona kama amekirudisha uchi. Bi. Mahira alikuwa amefiwa na hana kitu, lakini kisima kilikuwa pale uani mwake. Ni kisima ambacho maji yake yana chumvi hata sabuni haitoi povu.

"Mmejisumbua bure, mwanangu," Shekha alisema, na moyo wake ukafurahi kwelikweli. "Ila baba Swafwan akirudi, msimtajie, na wale vijana nao wanyamaze. Ana vituko vyake."

Alipoziunga na waya wa sola, ukumbi ulinuka kama dawa ya kufulia nguo nyeupe. Shekha alifungua dirisha, akadhani harufu inatoka kwa jirani.

*

Boti ya Stambuli ilirudi ikiburutwa kwa kamba na boti ya watu wa Ngomeni, mchana kweupe, na pwani nzima ikaona. Nahodha aliyekuwa akiwavuta wenzake tangu ujana wake alikaa mbele ya boti yake mwenyewe, ameinamisha kichwa, kanzu ya baharini imemganda mwilini. Swafwan alikuwa bado ameshika dumu lililokatwa, lile walilotumia kuteka maji, na viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

Wanunuzi wa samaki waliokuwa wakingoja na makapu yao walichungulia ndani ya boti, wakaona hamna kitu, wakaondoka bila ya salamu.

"Wavu tumeuacha," Swafwan alimwambia mamake walipofika nyumbani.  "Tumeushusha tu, taa zikafifia, mara zikazima. Nikamwambia baba, pampu siisikii. Nikatia mkono nyuma, maji yako hapa." Alijigusa gotini. "Mashine ikanywa maji, ikanyamaza. Tumetupa barafu, tumetupa nanga, tumekata wavu. Mama, tulikuwa tunateka maji na kusoma shahada."

Shekha alikaa chini. 

"Ni yule Gitau," Stambuli alisema kutoka mlangoni. "Ameniuzia uchafu. Ameona mvuvi, akasema huyu hajui kitu. Kesho nitamrudishia betri zake mbele ya wateja wake, na atanipa mpya mbili, au Malindi yote itanijua. Wewe risiti unayo?"

"Ninayo," Shekha alisema.

"Basi tutakwenda sote."

Shekha hakusema neno juu ya matanga. Alijiambia kwamba betri kuwasha taa si dhambi, ndiyo kazi yake, na kwamba zilirudi zimejaa, Sahla mwenyewe alisema zimejaa. Alijiambia hivyo wakati wa kupika na wakati wa kula.

*

Duka la Gitau lilikuwa na watu asubuhi ile. Kulikuwa na vijana wawili wa Gongoni waliotaka betri ya pikipiki, na mama mmoja wa Marafa aliyekuja na taa yake ya sola imefungwa kwenye kanga. Stambuli alimwacha Swafwan ashushe betri kutoka kwenye tuktuk, akaingia bila kutoa salamu, jambo ambalo Shekha hakuwahi kumwona akilifanya tangu waoane.

"Chukua vitu vyako!" alisema. "Nataka vingine, kwa sababu hivi vilitaka kuniua mimi na mwanangu."

"Mzee Stambuli, karibu kwanza," Gitau alisema. "Keti chini."

"Sikuja kukaa. Nilikuja hapa nikakuamini. Ukanambia hizi ndizo za kazi yangu. Hata hazijachakaa rangi, zimekufa katikati ya bahari!"

Vijana wa Gongoni waliacha pikipiki zao wakasogea. Mama wa Marafa alimpisha Shekha kwenye benchi, akamwangalia kwa huruma ambayo Shekha hakuitaka.

Gitau alizisogelea betri. Alikuwa mtu wa Nyeri aliyekaa Malindi mpaka nywele zikaingia mvi, na alikuwa amezoea kuitwa mwizi na watu waliokuja kumwomba radhi baadaye. Alipiga magoti, akafungua vifuniko vya betri ya kwanza kwa bisibisi, kimoja baada ya kimoja. Alivuta maji kidogo kwa kile kifaa chake cha kioo cha kupimia asidi, akakiinua kwenye mwanga. Maji yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Akainama akanusa, akakunja uso.

"Mzee," alisema taratibu, "mliweka maji gani hapa?"

"Maji gani! Hakuna mtu aliyetia maji."

"Hii imejazwa mpaka juu, na mimi siwezi kuuza betri imejaa hivi. Halafu iko na chumvi. Maji ya betri ni ile ya chupa, haina kitu ndani. Ukiweka ya kisima, na kisima za huku, umeimaliza. Hata hii harufu ni ya chumvi imekutana na asidi."

Shekha aliisikia harufu ile tena, ile iliyomfanya afungue dirisha. Ikamfika puani kutoka pale sakafuni, na kila kitu kikakaa mahali pake mara moja: Sahla na macho yake yaliyovimba, mkokoteni, mpaka juu kabisa kwa mkono wangu.  Ni yeye. Ni yeye aliyempeleka mumewe na mwanawe kusoma shahada katikati ya maji.

"Wanidanganya kwa uso mkavu," Stambuli alikuwa akisema. "Betri hizi zinalala ukumbini mwangu. Hazitoki. Nyumba yangu yote yajua. Nani atie maji ya kisima? Mwanangu? Mke wangu? Muulize, yuko hapa!"

Wote walimgeukia Shekha. Yeye aliangalia kanga ya mama wa Marafa.

Gitau alisimama, akajifuta magoti. Alimtazama Stambuli kwa muda. Walikuwa wamefanya biashara miaka mingi, na alijua kwamba mzee yule hakuwahi kumrudishia hata waya.

"Sikia," alisema. "Mimi naona maji. Wewe unasema hakuna maji. Sasa mimi siwezi kukuita mwongo na wewe usiniite mwizi. Wewe ni mtu wa dini, ninakujua. Apa hapa mbele ya hawa watu kwamba hakuna mtu wa nyumba yako ameweka maji na hii betri haijatoka kwako. Ukiapa, chukua zingine mbili uende nazo. Hasara ni yangu."

 Betri mbili mpya zilikuwa pale kwenye rafu, karibu na mkono wa Stambuli, na karatasi zake bado hazijabanduliwa.

Shekha alifikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri. Akinyamaza, boti itatoka tena. Hakuna atakayejua. Stambuli ataapa kwa moyo safi kwa kuwa yeye hajui lolote, na Mungu anaona nyoyo. Lakini kiapo kile kitakuwa cha uongo, na kitakaa nyumbani mwake, kitalala naye kitandani, na atakijua yeye peke yake. Na huyu mgeni wa bara atalipa kwa sababu amewaheshimu. Kwa upande wa pili, akisema, atasema nini? Amtaje mwanamke aliye edani, mfiwa wa juzi, mbele ya vijana wa pikipiki? Habari ingefika Mambrui kabla yao.

Stambuli aliweka kofia yake sawa. Akainua kidole cha shahada.

"Usiape," Shekha alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Stambuli hakuisikia, akavuta pumzi.

"Baba Swafwan, usiape! Ni mimi. Mimi ndiye niliyetia maji."

Kidole cha Stambuli kilibaki juu.

"Niliona yamepungua," Shekha aliendelea, na maneno yakawa yanaanguka tu. "Nikateka kisimani, nikajaza. Nilidhani natengeneza. Bwana Gitau hana kosa. Tusamehe, bwana."

Kijana mmoja wa Gongoni alipiga kelele ya kicheko, akajiziba mdomo kwa kiganja. Mwenzake alinong'ona, na wote wawili wakageuka kuangalia barabarani, mabega yanawatikisika. Mama wa Marafa alisema "Maskini" kwa sauti ambayo watu wote waliisikia. Swafwan, aliyekuwa amesimama mlangoni na viganja vyake vilivyofungwa vitambaa, alimwangalia mamake kana kwamba hamjui, na hilo ndilo lililomuuma Shekha kuliko yote.

Stambuli alishusha mkono. Alimgeukia Gitau.

"Nimekuita mwizi," alisema. "Niwie radhi."

"Hakuna neno, mzee. Shukuru Mungu mmerudi."

*

Sasa ikabidi kuchagua, na kuchagua bila fedha ni kazi ya aibu. Gitau alichukua betri mbovu kwa bei ya madini ya risasi yaliyomo ndani, kwa kilo, na akaiondoa kwenye hesabu. Za gari zilikuwapo, na Stambuli angeweza kuchukua mbili hapohapo. Za sola za maji kama zile za kwanza zilikuwapo pia, lakini fedha aliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa ile iliyowekwa kwa arusi ya Swafwan.

"Chukua, baba," Swafwan alisema. "Arusi itangoja. Maiti haoi."

Stambuli alitembea mbele ya rafu, akarudi. Aligusa betri ya gari, akaiacha. Kisha akaonyesha moja iliyokuwa pembeni, nyeusi, laini juu, isiyo na kifuniko hata kimoja.

"Hii je?"

"Hiyo ni ya sola lakini imezibwa," Gitau alisema. "Haifunguliwi, haiwekwi maji. Ni nzuri, lakini bei yake ni karibu ya zile mbili."

"Nipe hiyo moja."

"Moja itasukuma pampu, mzee. Taa haiwezi. Utavua na mishipi tu."

"Nitavua na mishipi," Stambuli alisema. "Nataka isiyofunguka."

Swafwan alipanda bodaboda kwenda kuileta fedha, akarudi nayo. Walipokuwa njiani kurudi Mambrui, yeye amekaa mbele na dereva wa tuktuk, Stambuli na Shekha nyuma na betri katikati yao, walivuka daraja la Sabaki.

"Vile vifuniko," Stambuli alisema, macho yake kwenye maji mekundu ya mto, "hata mimi navifungua kwa bisibisi. Wewe bisibisi hujui inakaa wapi. Umemfichia nani?"

Shekha alimweleza yote, kwa sauti ya chini, dereva asisikie. Giza la matanga, vijana waliobeba, Sahla na maneno ya mamake. Alipomaliza alingoja apigiwe kelele. Angeshukuru kupigiwa kelele.

Stambuli aliweka kiganja juu ya betri, mahali ambapo vifuniko vingekuwapo.

"Nusura nizame, Shekha," alisema. "Na yule kijana pale mbele." Kisha akashusha sauti: "Asijue. Bi. Mahira asijue maisha yake yote."

*

Habari ilifika Mambrui, kama Shekha alivyojua itafika. Kwenye mkutano wa arusi moja ya mtaani mwanamke mmoja alimpokonya birika, akasema, "Mwacheni, asije akatutilia maji kwenye jenereta," na wanawake wakacheka mpaka wakafutana machozi. Shekha naye alicheka. Fundi aliikausha mashine, na boti ilitoka na betri yake moja, bila taa, na ilirudi na samaki wa kuhesabika, wa kuuza wachache na wa kula wachache. Swafwan alipeleka ujumbe kwa wazazi wa mchumba wake kwamba wangoje kidogo. Kutoka kwao hapakuja jibu.

Alasiri moja Stambuli alikuwa uani akipaa changu watatu, ndio waliobaki baada ya kuuza, pale Sahla alipopiga hodi. Alikuwa amebeba ndoo yenye kifuniko, na ilikuwa nzito, amejipinda upande mmoja.

"Shikamoo, khalati. Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," Shekha alisema. "Mama hajambo?"

"Hajambo, amebakisha siku chache atoke eda. Amesikia habari ya betri, amesikitika sana." Aliiweka ndoo chini, akashusha sauti, kwa kuwa alikuwa na adabu na hakutaka kumwaibisha mkubwa wake. "Kasema, khalati ungetuuliza tu. Sisi zimetuwashia taa vizuri, tukazijaza, na hazikupata neno. Pengine maji ya kwenu ndiyo mabaya. Amekuletea ya kisima chetu, ya kujazia hiyo mpya."

Shekha alifungua mdomo. Aibu, hasira na kicheko vilimpanda pamoja, na hakujua kipi kitatangulia. Alimtazama mumewe, kisu bado mkononi mwake, akaogopa. Mtu aliyepoteza wavu, taa na arusi ya mwanawe ana haki ya kusema neno moja.

Stambuli alinawa mikono. Alikuja akaifungua ndoo, akayatazama maji yale kana kwamba anayapima.

"Mwambie mama ahsante sana," alisema. "Yatatufaa."

Aliibeba ndoo mpaka nyuma ya nyumba, akayamimina kwenye pipa la msalani taratibu, yasitoe sauti. Aliporudi, aliinama kwenye sinia lake, akamchagua changu mkubwa kuliko wote, akamlaza ndani ya ndoo, akafunika.

"Mpe mama," alimwambia Sahla. "Ndoo ya watu hairudi tupu."

Sahla alipoondoka Shekha alilia, kilio alichokizuia tangu dukani kwa Gitau, na Stambuli akamwacha alie, akarudi kwenye magamba yake. Baadaye alisema, bila kuinua kichwa:

"Betri hiyo usimwazime mtu."

"Na akifiwa mtu?"

 Stambuli aligeuza samaki upande wa pili.

"Akifiwa mtu, niite," alisema. "Ni nzito. Nitaibeba mimi."